Ngoma Isiyo na Wana

Sauti zinazotaka utawala wa machifu urudishwe Tanzania Bara zimepata nguvu upya, na safari hii hazisikiki vijijini peke yake. Zimepanda hadi kwenye majukwaa ya serikali. Hoja zao ni tamu masikioni: kwamba mwaka 1963 Tanganyika ilitupa johari pamoja na taka, kwamba vijana wamekosa adabu kwa kuwa hawana mzee wa kumcha, kwamba utamaduni hausimami bila ya kiti cha enzi. Tarehe 8 Septemba 2021, huko Kisesa, wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, hoja hizo zilivishwa joho. Katika tamasha la utamaduni, kwa ngoma na vigelegele, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa mkuu wa machifu wa nchi na kupewa jina la Hangaya, yaani nyota ing'aayo ya asubuhi. Aliyesimikwa ni mtoto wa Kizimkazi. Waliomsimika ni watu wa bara. Na Kisesa hiyohiyo ndiko iliko Bujora, ambako makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yamehifadhi ngoma na viti vya watemi wa zamani.

Msomaji wa visiwani huenda akadhani kuwa hayo ni mambo ya ziwani, yasiyomfika mtu wa pwani. Sivyo. Visiwa hivi vilikuwa na kiti chao cha enzi hadi tarehe 12 Januari 1964, na ubishi wa kama kiti kile kilikuwa cha rehema au cha dhuluma haujaisha barazani mpaka leo. Zaidi ya hayo, kila anaposimikwa mkubwa, mtu wa mwanzo kuitwa ni mshairi. Ngoma ikishawambwa hutafutwa mwimbaji. Kwa hiyo suala la ufalme ni suala la ushairi pia: nani anasifiwa, anasifiwa kwa lipi, na nani ameachiwa nafasi ya kuuliza?

Hoja ya makala haya ni moja. Kinachorudishwa leo kwa jina la utemi ni nusu yake tu, nusu ya heshima. Nusu ya pili, ile ya kumhoji mtemi na hata kumwondoa, imeachwa nyuma ya kioo cha makumbusho. Na heshima iliyotengwa na hesabu ni hatari kwa mwenye kupewa na kwa mwenye kutoa.

Ni vyema kuanza na utemi wenyewe ulivyokuwa kabla ya mgeni. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na makumi ya nchi ndogondogo, kila moja na ntemi wake, au mtemi kwa Kiswahili cha leo. Jina hilo aghalabu hufasiriwa kuwa limetokana na kutema: yule aliyetangulia kutema pori na kuifungua nchi ili watu walime. Cheo, kwa maana hiyo, kilizaliwa na kazi ya mikono.

Mtemi hakujitawaza. Nyuma yake walikuwapo banang'oma, yaani wana wa ngoma, watu wa nyumba ya utemi waliokuwa na kauli katika kumchagua na kumshauri. Katika nchi nyingi za Usukuma urithi ulipita upande wa mama, hata mtoto wa mtemi hakulala akiota kiti cha baba yake. Kijijini, kazi za pamoja za shambani ziliongozwa na nsumba ntale, mkubwa wa vijana, ambaye alipewa nafasi hiyo na wenziwe. Na juu ya yote hayo ilikuwapo mvua. Mtemi alikuwa mdhamini wa mvua. Ikinyesha kwa wakati, alishukuriwa. Ikikatika, alitakiwa kujieleza. Na ikizidi kukatika, aliweza kufukuzwa, akatafutwa mwingine.

Mtu wa leo atacheka. Atasema mvua haiwi kwa amri ya binadamu, na kumwadhibu mtu kwa mawingu ni ushirikina. Na acheke, lakini aitazame sheria iliyojificha ndani ya itikadi ile. Ilisema kwamba mwenye enzi ana deni, na deni hilo lina siku ya kulipwa, na wadai wana haki ya kubisha hodi. Hakukuwa na katiba iliyoandikwa, wala karatasi ya kura, lakini palikuwa na neno zito kuliko vyote hivyo: mtemi, njaa hii ina maana gani?

Ni nani aliyeufisha utawala wa namna hiyo? Wapenzi wa machifu hujibu upesi: Nyerere, kwa sheria ya 1963. Jawabu hilo limechelewa kwa zaidi ya nusu karne. Utemi ulikuwa umekwisha kufa ndani kwa ndani. Mwaka 1963 kilichozikwa kilikuwa maiti yake iliyovishwa kanzu nzuri.

Kifo kilianza na Wajerumani. Katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka mji wa Mwanza, Omukama Lukonge aliondolewa mwaka 1895 na mahali pake akawekwa Mukaka. Tangu siku ile, mwenye kuweka na kuondoa hakuwa tena mwana wa ngoma bali mwenye bunduki. Waingereza walikuja na adabu zaidi, na kwa hiyo wakaharibu zaidi. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwafanya machifu kuwa mamlaka za wenyeji: wakapewa mishahara, mahakama na kazi ya kukusanya kodi. Urithi wa upande wa mama nao ukasogezwa upande wa baba, ambao mgeni aliuelewa vizuri zaidi. Mwaka 1946 likaundwa Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Kwa macho ya mpita njia, machifu hawakupata kuwa na fahari kama ile. Lakini mwenye kulipwa na bwana humjibu bwana. Serikali ilipotaka watu walime kwa matuta na kupunguza mifugo yao, chifu ndiye aliyetumwa kusoma amri na kutoza faini. Mtemi aliyekuwa akiulizwa na watu juu ya mvua akawa anawauliza watu juu ya kodi.

Wananchi waliliona hilo kabla ya wanahistoria. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hawakuenda kwa machifu kutafuta haki ya mizani na bei. Walijenga vyama vyao wenyewe, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Tangu mwaka 1954 hadi 1958 TANU ilizuiwa kuendesha matawi Usukumani, na machifu wengi walikaa upande wa serikali iliyowalipa. Mwaka 1958, watu wa Geita walipokataa baraza la mseto walilowekewa kutoka juu, waliingia mjini Mwanza kwa miguu kudai wasikilizwe. Hawakuongozwa na ngoma ya mtemi. Walikwenda kuipinga amri ambayo mtemi aliikubali.

Yaliyomfika mtemi ziwani yalikwisha kumfika Sultani Unguja. Alipofariki Hamad bin Thuwain mwezi Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia ikulu bila ya ridhaa ya Mwingereza. Tarehe 27 ya mwezi huo manowari zilifyatua mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja jumba likawa kifusi. Akawekwa Hamoud bin Muhammed. Tangu hapo kila mwenye kilemba pale Forodhani alijua kilemba chake kimefungwa na nani. Na kabla ya Masultani, vijiji vya kusini ya Unguja vilikuwa na baraza lao la wazee lililoitwa Watu Wanne, lililoamua mambo ya ardhi na ya mji. Mtoto wa Kizimkazi hakuhitaji kusafiri hadi Kisesa kujifunza kwamba mkubwa wa mji huwa na wenziwe wa kumwambia hapana. Kwao kulikuwa nako.

Kisha ikaja jamhuri. Wengi husahau kwamba Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa bado ni nchi ya kifalme: kwa mwaka mzima mkuu wake kisheria alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, hadi tarehe 9 Desemba 1962. Mwaka uliofuata ukawafuta machifu. Aliyeshika usukani alikuwa Julius Nyerere, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki wa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hilohilo. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa jambo lile lilifanywa na mtu asiyejua ladha ya nyumba ya chifu. Hapa visiwani uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulimkuta Sultani Jamshid juu ya kiti, na mwezi mmoja baadaye kiti kilipinduka, kwa damu nyingi. Katika muda wa miaka miwili na kidogo, malkia, machifu na sultani wote waliondoka. Aliyebaki ni malkia mmoja tu, naye amebaki juu ya maji: ziwa ambalo John Hanning Speke aliliona akiwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 bado linaitwa Victoria, ingawa Waganda walikuwa wakiliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wengine Nyanza tu.

Je, jamhuri ilikosea kuwafuta machifu? Haikukosea. Haki ya kuzaliwa juu ya mabega ya wenzako haina utetezi, na Katiba ya 1977, katika Ibara ya 29, imesema wazi kwamba hakuna raia mwenye haki, hadhi au cheo maalumu kwa msingi wa nasaba, jadi au urithi wake. Kosa la jamhuri liko mahali pengine. Ilimwondoa chifu, lakini ofisi ya bwana shauri aliyekuwa akimtuma chifu ikabaki. Mkuu wa mkoa wa Mwanza hachaguliwi na watu wa Mwanza, wala mkuu wa wilaya ya Ukerewe hachaguliwi na Wakerewe. Wote huteuliwa na Rais, na sheria ya mwaka 1997 imewapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Na huyo anayewateua, akishatangazwa mshindi na Tume ya Uchaguzi, Ibara ya 41(7) inaifungia mahakama mlango isihoji ushindi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki za raia. Basi na alinganishe mwenye kulinganisha: mtemi wa kale aliulizwa juu ya mawingu asiyoyamiliki, na mkuu wa leo haulizwi mahakamani juu ya kura zinazosemwa kuwa ni zake.

Hapo ndipo tamasha la Kisesa linapopata uzito. Wapo watakaosema: hiyo ni heshima tu, ni mapambo, ni furaha ya siku moja, wazee wamemvika mgeni wao joho, kuna dhambi gani? Makala haya hayamlaumu mwenye jina wala wazee waliolitoa. Ukarimu wa Wasukuma unajulikana. Lakini hakuna pambo lisilosema kitu. Katika nchi zilizobaki na wafalme na bado zikawa na uhuru, siri yake ni kwamba heshima na mamlaka zimewekwa katika vichwa viwili. Mfalme wa Uingereza hupigiwa magoti kwa sababu hana amri. Waziri Mkuu wake ana amri, na kwa sababu hiyo kila wiki hukaangwa bungeni kwa maswali na kuzomewa. Ng'ambo ya ziwa, Waganda walilipia somo hilo kwa gharama kubwa. Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa mfalme wa Buganda na Rais wa Uganda kwa wakati mmoja tangu 1963. Mwaka 1966 jeshi lilivamia kasri lake huko Mengo, akakimbia, akafa London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zilifutwa. Ziliporudishwa mwaka 1993, Katiba ya 1995 ilimkataza mfalme kuingia katika siasa za vyama. Hata hivyo mpaka huo haukutosha kuzuia vurugu za Septemba 2009, pale Kabaka Mutebi alipozuiwa kwenda Kayunga na watu wakapoteza maisha. Ikiwa taji lililotenganishwa na dola lina moto namna hiyo, vipi lile lililowekwa juu ya kichwa cha dola yenyewe? Kisesa vichwa viwili vilifanywa kimoja. Mwenye jeshi, hazina na uteuzi aliongezewa na heshima ya mizimu. Baada ya hapo, anayemuuliza swali haonekani tena kuwa raia. Anaonekana kuwa mtovu wa adabu.

Na maswali yapo, tena ni ya ziwa hilohilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikifika Ukara kutoka Bugolora, Ukerewe, na zaidi ya watu 220 wakafa, katika chombo kilichojengwa kubeba watu 101. Mara zote mbili bendera ziliteremshwa nusu mlingoti na siku za maombolezo zikatangazwa. Maombolezo ni wajibu. Lakini kati ya ajali ya kwanza na ya pili ipo miaka ishirini na miwili, na mtemi wa zamani asingepewa miaka ishirini na miwili ya ukame. Hii ndiyo mvua ya leo: vivuko, bei ya pamba, maji ya bomba katika mitaa inayolitazama ziwa mchana kutwa huku ndoo zikiwa tupu. Wanaomsimika mkuu bila ya kumkabidhi mvua hiyo hawakumsimika, wamemvisha tu.

Watetezi wa machifu husema pia kwamba wanatetea utamaduni. Vyema, basi na watetee wote. Huko Usukumani, katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza na kuimba kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja. Hakuna jaji wa kuteuliwa na mkuu. Watu hukimbilia penye uhondo, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Umati ukichoka, huhama. Mtu wa Makunduchi anayejua pande mbili za Mwaka Kogwa ataelewa bila ya mkalimani. Huo nao ni utamaduni, tena ulio hai zaidi ya kiti cha enzi: ushindani ulio wazi, na mtazamaji mwenye miguu ya kuondokea. Mbona huo hautajwi inapodaiwa kuwa Mwafrika kaumbwa kutawaliwa na mtu mmoja asiyeulizwa?

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kutoa hukumu yake katika kesi hii. Shaaban Robert, mwaka 1951, aliibuni nchi ya Kusadikika na kumsimamisha Karama mbele ya mfalme, mshitakiwa asiye na silaha ila maneno, na kesi nzima ikawa ni kesi ya kiti dhidi ya hoja. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikuwa mtu wa ukoo wa Omukama, aliyelelewa karibu na baraza la Mukaka. Angeweza kuandika tenzi za babu zake. Badala yake, katika kitabu alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, alichokifasiri mwenyewe na kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alimweka katikati Myombekere, mkulima, na mkewe Bugonoka, watu wawili wanaotafuta mtoto. Mwana wa nyumba ya kifalme aliona kwamba kilichostahili kurasa mamia ni ndoa ya mtu wa kawaida. Na kisiwa hichohicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, ambaye katika tamthilia ya Kaptula la Marx aliwavua nguo wakubwa wa jamhuri, na ambaye tangu Kichomi, mwaka 1974, alithubutu kuvunja hata himaya ya vina. Mtu anaweza kuuchukia ushairi wake, na visiwani wengi waliuchukia; lakini hakuna aliyemtuhumu kuwa mshairi wa kasri.

Washairi wa leo, wa bara na wa pwani, wanasimama wapi? Wengi wamekuwa wepesi wa sifa. Kila ziara ina utenzi wake, kila uteuzi una shairi lake la pongezi, na vina vyake vimekaa sawasawa kama meno ya kitana. Wazee walikwisha kuonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kosa la tembo hilo halimwangukii mgema peke yake. Yuko pia aliyesimama chini ya mnazi akiimba.

Kwa hiyo wanaotaka utemi urudi na waambiwe masharti yake. Na irudi kwanza ile nusu ya pili: raia awe na njia ya kuhoji mahakamani uchaguzi wa mkuu wa nchi, mkuu wa mkoa na wa wilaya awe mtu wa kuwajibika kwa wale anaowaongoza, na mwenye mamlaka asiwe ndiye mwenye kupewa heshima za mizimu. Hayo yakikubaliwa, joho la kitemi halitakuwa na madhara, na pengine halitahitajika. Yakikataliwa, ngoma za watemi ni bora zikae Bujora, ambako angalau zinaonyeshwa kwa jina lao la kweli, kuwa ni vitu vya kale.

Na mshairi atakayealikwa kwenye usimikaji mwingine asiitikie kwa sifa peke yake. Aende na majina ya Bugolora na Ukara, aende na bei ya pamba, aende na zile ndoo tupu za milimani Mwanza. Na zamu yake ikifika, kwa vina na mizani au bila ya hivyo, aulize kama walivyouliza wana wa ngoma: mvua iko wapi?